Baruti ya Chupa Mbili

Jumamosi ile, saa tatu kasoro asubuhi, Truphena alikuwa anakunja mashuka ukumbini, hana hili wala lile, ndipo alipotambua kwamba huenda ameshamuua mwajiri wake. Si kwa kisu wala kwa sumu. Kwa usafi.

Na kama kuna mtu wa kujivunia usafi katika nyumba zote za mtaa wa Al-Malqa, huku Saudia, basi ni huyu mama wa watu kutoka Mbale, kule Vihiga. Miaka miwili kasoro alikuwa kwa Murad na Badriya, na hapakuwa na kona ya jumba lile asiyoijua kwa kitambaa. Wenye nyumba asili yao Unguja. Wazazi wao walikimbilia huku mwaka wa sitini na nne, na ingawa wao wawili walizaliwa Saudia, Kiswahili hawakukiacha. Truphena alikuwa ameonywa na wenzake kwamba atakaa miezi akizungumza kwa ishara za mikono, lakini siku aliyoingia alipokewa mlangoni kwa "Karibu mwanangu, pole na safari." Alilia pale pale, sanduku bado liko mkononi.

Badriya alikuwa mkali, ila ukali wake ulikuwa na utaratibu. Jikoni mwake ilitawala sheria moja kuliko zote: visionekane vyombo viwili vilivyofunguliwa vya kitu kimoja. Ukikuta kopo la maziwa lina nusu, na jingine lina robo, unganisha, tupa tupu, panguza lililobaki. Mama yake aliingia nchi hii na furushi moja na watoto watatu, akawafundisha kwamba vinusu-nusu kabatini ni dalili ya mtu asiyejua kesho. Kwa hiyo chumvi iliunganishwa, mchele uliunganishwa, sabuni ya unga iliunganishwa, na Truphena akawa anaunganisha hata usingizini. Mwezi wa kwanza alikemewa kwa ajili ya majani ya chai. Hakukemewa tena.

Murad naye alikuwa na chumba chake nyuma ya ukumbi, na humo alikuwa anapika. Ndivyo mwenyewe alivyosema: kupika risasi. Mhandisi mstaafu, mtu wa miwani na sauti ya chini, kila mwaka husafiri kwenda Tanzania na kibali chake kuwinda wiki mbili, na bunduki yake aliipenda kwa namna ambayo mkewe alishaacha kuionea wivu. Risasi za dukani hakuzitaka. Alikuwa na maganda yake ya shaba, anayasafisha, anayatia fataki mpya kitakoni, anapima baruti kwenye kimizani kidogo cha kupimia dhahabu alichokinunua soko la Al-Dirah, halafu anabana kichwa cha risasi juu kwa mashine ya mkono. Alipika tano za kipimo hiki, tano za kipimo kilichozidi kidogo, tano za kilichozidi tena kidogo, kisha akaenda kuzipiga kwenye karatasi kuona ni zipi matundu yake yanakaa pamoja.

"Baba, si hizi vitu zinauzwa tu kwa duka?" Truphena aliwahi kumuuliza, ameegemea ufagio.

"Na chapati zinauzwa dukani. Mbona wewe wasukuma zako?"

Truphena alicheka, na tangu siku ile akamhesabu Murad kuwa mpishi mwenzake. Alimpenda mzee huyu, tuseme ukweli. Ni Murad aliyemkalisha kiti cha mbele cha gari kumpeleka kliniki alipougua jino, na ni Murad aliyejua kwamba binti yake Stacy, aliyeachwa kwa bibi yake, yuko darasa la sita na hesabu zinamsumbua.

Murad pia alikuwa na desturi mbili zake. Ya kwanza, mezani huwekwa chupa moja tu ya baruti. Nyingine zote hubaki kabatini, kufuli juu. Ya pili, risasi mpya lazima aipige kwanza yeye aliyeipika. Hata ndugu yake Faris, aliyekaa Jeddah na kumsumbua kila mara amwachie ajaribu, hakuruhusiwa kugusa bunduki kabla Murad hajamaliza. Alisema mpishi asiyeonja chakula chake si mtu wa kuaminiwa.

Sasa sikia lililotokea Jumanne. Murad alikuwa amejaza risasi za bunduki ya kupigia ndege wa porini asubuhi, akataka kuhamia kwenye zile za kuwindia wanyama, akaitoa chupa ya pili kabla hajairudisha ya kwanza. Simu ikalia. Shemeji yake kaanguka msikitini, akimbie. Akakimbia, mlango wazi. Badriya alitarajia wageni wa jioni, akapita ukumbini akiwa amekunja pua.

"Truphena! Hebu kafute vumbi kule kwa baba yako, kunanuka baruti mpaka huku. Yalla, watu waja."

Chumba kile Truphena alizoea kufagia sakafu tu, meza haguswi. Lakini ameamrishwa afute vumbi, na vumbi liko mezani. Akaziona chupa mbili za plastiki nyeusi, kampuni moja, nembo moja, herufi za rangi moja. Tofauti ilikuwa nambari, na nambari kwa Truphena ni kama zile zilizopigwa chini ya pakiti ya unga: mambo ya kiwandani, hayamhusu mpishi. Akafungua. Punje nyeusi ndogo humu, punje nyeusi ndogo mle. Moja ilikuwa na robo, nyingine nusu.

Mikono ilifanya yenyewe. Akamimina, akatikisa kidogo ziingiane, akafunga kifuniko, akaipanguza chupa ikang'aa. Tupu ikaenda pipani. Akasimama akaitazama meza, akaridhika na nafsi yake kama mtu aliyefanya wema bila kuombwa.

Murad alirudi siku ya pili, alasiri, amechoka na haraka imemkamata, maana Alhamisi alipaswa kuwa njiani kwenda Jeddah. Aliona chupa moja mezani, na nambari yake ni ile ile ya baruti ya kuwindia. Chupa moja mezani ndiyo aliyoizoea miaka yote, na mazoea hayo ndiyo yaliyomponza. Angeona mbili angeshtuka. Akakaa, akapima, akajaza, akapanga risasi zake tano tano ndani ya kiboksi, akaondoka.

Ndiyo tukafika Jumamosi na mashuka.

Huda, binti wa nyumba, msichana wa chuo aliyekuwa anajifunza kujaza risasi kwa baba yake, alitokea mlango wa nyuma, simu mkononi.

"Dada Truphena, hujaiona chupa ya baruti ya bunduki ya ndege? Baba kanitumia ujumbe, hakumbuki kama aliirudisha kabatini. Nimetafuta, mafi! Haipo."

Truphena alifungua mdomo aseme kwa fahari kwamba ameiunganisha. Sijui ni malaika gani aliyemziba. Badala yake akauliza, "Kwani ni tofauti? Si zote ni baruti tu?"

Huda akacheka. "Mbali mbali kabisa! Ya ndege yaungua mbio, papo hapo. Ya kuwindia yaungua taratibu, yaisukuma risasi mpaka mwisho wa mtutu. Ukitia ile ya mbio kwenye bunduki ya baba, wallahi mtutu wapasuka. Komeo lile la chuma lakurudia usoni. Baba kanionyesha picha ya mtu mmoja, sikula chakula siku nzima."

Akainama kutazama chini ya kochi, akiimba puani.

Shuka lilimtoka Truphena mikononi. Alimwona Murad amelaza shavu kwenye kitako cha bunduki, miwani juu ya pua, anavuta pumzi taratibu, na akaelewa kwamba haya si mambo ya kesho. Leo Jumamosi. Leo ndiyo siku ya kupiga. Pengine ameshapiga.

Na hapo, katikati ya hofu ile, lilimjia wazo jingine, na lilikuja baridi na lenye akili timamu. Hakuna anayejua. Huda hajui, madam hajui. Bunduki ikipasuka watasema mzee kakosea kipimo. Nani atakayefikiria kijakazi? Lakini akisema, yeye ndiye aliyetia mkono kwenye risasi za kafili wake, mwajiri aliyemdhamini nchini. Wataamini ni usafi? Velma, rafiki yake wa Al-Rawdah kule Jeddah, alikaa korokoroni miezi minne kwa sababu mtoto wa watu alitapika maziwa aliyoyakoroga yeye, na mwisho ikaonekana ni homa tu. Miezi minne kwa maziwa. Kwa baruti je? Mkataba wake ulibakiza wiki sita. Stacy alikuwa ameshachagua rangi ya begi atakaloletewa.

Akaokota shuka. Akalikunja mara moja, akalikunja mara ya pili, akalainisha kona. Huda alikuwa bado anaimba. Truphena alimtazama kisogo, nywele zimefungwa vile baba yake alivyozicheka jana kwa simu, na ghafla alijichukia.

"Huda," alisema. "Aki Mungu wangu. Nilimwaga zote kwa chupa moja."

"Umemwaga nini?"

"Hiyo baruti. Jumanne. Nimeziunganisha. Baba amejaza na hiyo."

Huda aliinuka polepole. Rangi ilimtoka usoni, midomo ikawa ya kijivu. Hakupiga kelele. Alibonyeza simu, akaiweka sikioni, na simu ya baba yake ikaita mpaka ikachoka. Akapiga ya ami yake Faris. Ikaita, ikachoka.

"Wanaziacha getini," alisema kwa sauti ya mtoto mdogo. "Uwanjani hawaingii na simu." Ndipo akapiga ukelele: "Mamaa!"

Badriya alishuka ngazi na hina ya kichwani haijaoshwa. Aliambiwa kwa maneno matatu. Mkono wake ulinyanyuka juu, Truphena akafumba macho kuupokea, lakini haukushuka. Ulibaki hewani, kisha ukamshika Truphena bega kama mtu anayetaka kuanguka.

"Nani kakwambia uunganishe? Nani kakwambia?" aliuliza, na kabla ya kujibiwa akakaa chini kwenye marumaru, maana jibu alilijua.

Huda alikuwa ameipata nambari ya ofisi ya uwanja wa shabaha. Akaweka sauti wazi. Mzee mmoja akapokea, Kiarabu chake cha kivivu, anataka salamu kwanza, hujambo na wa nyumbani hawajambo. Huda akamkatiza. Akamwambia jina la baba yake, akamwambia amzuie asipige, risasi zake zimeharibika, mbio, mbio, kwa haki ya Mungu. Yule mzee alishtuka. Wakasikia kiti kikiburutwa, na simu ikawekwa mezani bila kukatwa.

Basi wakabaki wanawake watatu wameinamia kisimu kile sakafuni. Walisikia kandambili za yule mzee zikienda mbali. Walisikia mlango. Na mlango ulipofunguka walisikia milio ya bunduki kutoka nje, mmoja, kisha mwingine, kisha kimya, kisha mwingine, na kila mlio Badriya alijipiga paja akisema "Ya Rabi". Truphena, Mkristo wa watu, alikuwa anaomba kwa Kiluhya bila kujua anasema nini. Wakamsikia yule mzee akiita kwa mbali, "Murad! Ya Murad!"

Mlio uliofuata haukufanana na ile mingine. Ulikuwa mfupi na mzito. Halafu watu wengi wakaanza kupiga kelele kwa pamoja.

Hakuna aliyekuja kwenye simu kwa muda mrefu sana. Huda alikuwa ameuma mkono wake mwenyewe. Mwishowe sauti ya Faris ikasikika, inahema.

"Badriya? Yu hai. Nakwambia yu hai, sikiliza. Mkono, mkono wa kushoto. Uso mzima, alhamdulillahi, uso mzima. Twampeleka hospitali. Njooni."

Badriya alimkumbatia Truphena pale chini na kumlowesha hina shingoni, akawa anasema, "Umeniokolea mume wangu, umeniokolea mume wangu," na Truphena alitamani sakafu ipasuke aingie.

Walipanda ndege ya mchana. Badriya hakutaka kumwacha nyuma. Alisema huyu ni mtu wa nyumba, aende. Faris aliwapokea, kanzu yake ina madoa ya damu aliyojaribu kuyaosha na maji ya chupa, na ndani ya gari akawaeleza mara tatu hadithi ile ile, kama watu walioshtuka wafanyavyo. Risasi ya kwanza ilitoka salama. Ya pili komeo lilikuwa gumu kufunguka, Murad akaguna, akalifungua kwa kulipiga kiganja, akatia ya tatu. Alikuwa amelala, jicho kwenye darubini, kidole kinavuta, ndipo alipoitwa jina lake. Akainua uso kutazama ni nani. Kidole kilikuwa kimeshamaliza kazi yake. Bunduki ilipasukia mahali palipokuwa shavu lake, na mkono wa kushoto ulioishikilia chini ukabaki na vidole viwili.

"Kwa kuitwa tu," Faris alisema, akipangusa macho kwa ncha ya kilemba chake. "Asingeitwa, leo twazika."

Hospitalini askari walikuwa wameshafika na kuondoka. Murad, aliyekwisha kusimuliwa yote na Huda kwa simu ya Faris, aliwaambia ameacha chupa mbili mezani pake na kosa ni lake. Wakaandika hivyo, wakamtakia shifaa ya haraka. Jina la Truphena halikutajwa. Aliposikia hivyo, akaomba kiti.

Jioni Badriya na Huda walikwenda kula nyumbani kwa Faris, wakamwacha Truphena akae na mgonjwa. Murad alikuwa macho. Uso ulikuwa na vidonda vidogo vidogo vya mikwaruzo, miwani hana, na bila miwani alionekana mzee zaidi. Mkono ulikuwa furushi la bandeji juu ya mto.

"Mwanangu," alisema, "Huda kanisimulia. Umesema mwenyewe, hujalazimishwa. Mwingine angenyamaza."

Truphena aliinamisha kichwa. Angeweza kuacha mambo hapo. Kila mtu aliridhika, kila mtu alishamshukuru, hata Faris alimwita dada. Lakini tangu garini alikuwa anapiga hesabu moja ambayo haikukubali kumtoka: yule mzee na kandambili zake, mlango, jina likiitwa, na kidole. Alijaribu kuifuta kichwani akashindwa.

"Baba," alisema, "mimi nilinyamaza kwanza."

Murad aligeuza uso.

"Huda aliponiambia vile inapasuka, nilijua hapo hapo. Nikaogopa jela. Nikafikiria mtoto wangu. Nikakunja shuka, baba. Nilikunja shuka yote, ndio nikasema."

Mashine ya kando ya kitanda ilikuwa inalia taratibu. Nje mtu alisukuma kitoroli cha chakula.

"Muda gani?" Murad aliuliza.

"Nusu dakika. Labda dakika."

Murad aliutazama ule mkono uliofungwa, akautazama muda mrefu, kama mtu anayesoma kipimo kwenye kimizani na hataki kukosea. Truphena alisubiri atukanwe. Alisubiri aambiwe toka. Alitaka hata apigwe, maana hilo angejua namna ya kulibeba.

Mlango ukafunguka. Badriya akaingia na bakuli la uji, akamtazama mmoja na mwingine, akasimama.

"Mwazungumza nini nyie, mmenuna hivyo?"

Murad alifumba macho, akayafumbua.

"Namwambia," alisema kwa ile sauti yake ya chini, "wiki sita ni nyingi. Kesho mkatie tiketi, aende kwao akamwone mtoto wake."

Badriya akatabasamu machozi yakimlenga, akasema hilo ni jambo jema, kalistahili, na atamtafutia na zawadi za kumpelekea Stacy. Truphena alisema asante. Alimtazama Murad usoni, akitafuta kama amesamehewa au amefukuzwa, lakini mzee alikuwa ameshaugeukia ukuta, na hakuthubutu kumuuliza.